Story ya 2,147,483,647: Nambari Yenye Gangnam Style Ilifikia, na Yenye Inangoja Simu Yako 2038

Wacha tuanze na doh, ju hiyo lugha kila mtu anaelewa. Unajua zile chalenji za kuweka akiba zenye huzunguka WhatsApp kila Januari? Leo tunafanya moja, lakini hii ni ya kichaa.

Tarehe moja unaweka bob moja kwa kibubu. Tarehe mbili unaweka bob mbili. Tarehe tatu unaweka nne, kesho yake nane, na unaendelea hivyo, kila siku mara mbili ya jana, mpaka Januari iishe. Sheria ni hiyo moja tu.

Wiki ya kwanza hata hausikii. Siku ya saba unaweka Sh64 na kibubu kina Sh127. Siku ya 11 unadaiwa Sh1,024, na hapo unaanza kukumbuka wasee wenye wako na deni yako. Siku ya 16 ni Sh32,768, na kwa wengi wetu mshahara umeishia hapo, kama ulikuwa umefika. Siku ya 21 umeingia mita: Sh1,048,576 kwa siku moja. Siku ya 31, kama bado hujazima simu ukahama mtaa, unafaa kuweka Sh1,073,741,824. Ukishaweka, vunja kibubu uhesabu. Kuna Sh2,147,483,647.

Angalia hiyo nambari vizuri. Bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, laki nne na elfu themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Haina sura ya maana. Haijakunja vizuri kama milioni moja, na haifanani na kitu ungechagua kama PIN. Lakini ilichukua karne kadhaa na vichwa vikali Ulaya kuielewa, na leo iko ndani ya gemu, ndege, seva, na pengine ndani ya simu yenye unasomea hii story.

Kwa nini inakosa bob moja

Rudi kwa kibubu kidogo. Ukiangalia vizuri utaona mchezo: kila siku, kenye unaweka ni bob moja zaidi ya zote zenye zilikuwa ndani. Siku ya nne unaweka 8, na ndani kulikuwa na 1, 2 na 4, yaani 7. Siku ya tano unaweka 16, na ndani kulikuwa na 15. Inakuanga hivyo mpaka mwisho.

Kwa hivyo kama kungekuwa na tarehe 32 Januari, ungedaiwa Sh2,147,483,648, na kibubu kingekuwa nyuma kwa bob moja tu. Hiyo 2,147,483,648 ni mbili ikizidishwa mara 31: mbili mara mbili mara mbili, mbili thelathini na moja kwa mstari. Yetu ni hiyo ukitoa moja. Shika hiyo, ju hiyo moja yenye inakosa ndiyo inaleta drama yote.

Chama chenye hakiwezi kugawana

Sasa tuseme hiyo doh ni ya chama, na mnataka kugawana sawa, bila kubakisha hata bob moja na bila kukata senti. Mkiwa wawili haiwezekani, ju nambari si shufwa. Mkiwa watatu, inabaki. Mkiwa saba, inabaki. Mkiwa 11, mkiwa mia, mkiwa elfu kumi, mkiwa uwanja mzima wa Kasarani, bado inabaki.

Njia ziko mbili tu. Mtu mmoja abebe yote, ama mkuwe watu 2,147,483,647 na kila mtu apate bob moja. Nambari yenye tabia hiyo tulifunzwa shule inaitwa nambari tasa. 2, 3, 5, 7 na 11 ni tasa. 2,147,483,647 pia ni tasa, na hiyo si kitu unaweza kuona kwa macho.

Na si kila siku ya Januari inaleta jumla tasa. Siku ya pili kibubu kina 3, tasa. Siku ya tatu kina 7, tasa. Siku ya nne kina 15, watu watatu wanagawana tano tano. Siku ya tano kina 31, tasa. Siku ya sita kina 63, inagawika. Siku ya saba kina 127, tasa tena.

Ukicheki hapo unaweza kusema, "Aah, nimeshika rada: siku ikiwa tasa, jumla pia inakuwa tasa." Karibu. Siku ya 11 inakukataa. 11 ni tasa, lakini kibubu kina 2,047, na hiyo ni 23 mara 89. Watu 23 wanagawana Sh89 kila mmoja na wanaenda nyumbani wakicheka. Ukweli ni huu: siku isipokuwa tasa, jumla haiwezi kuwa tasa. Siku ikiwa tasa, jumla inaweza kuwa ama isiwe, na lazima uangalie moja moja.

Katika mwezi mzima wa siku 31 kuna siku nane pekee zenye jumla ni tasa: tarehe 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19 na 31. Ya mwisho inaangukia siku ya mwisho kabisa ya mwezi. Hakuna mtu alipanga. Hesabu tu ilitokea hivyo.

Padri, muitaliano na makisio

Nambari za aina hii zinaitwa za Mersenne, kwa jina la Marin Mersenne, mtawa Mfaransa. Mwaka wa 1644 aliandika orodha ya zile "siku" zenye aliamini zinaleta jumla tasa, mpaka 257. Kwa orodha alikuwa na 31. Alikuwa pia na 67 na 257, zenye zilikuja kupatikana si kweli, na aliruka 61, 89 na 107 zenye ni kweli. Usimcheke. Hakukuwa na kikokotoo. Kwa ile ya 67, mwaka wa 1903 Mmarekani Frank Nelson Cole alionyesha ni 193,707,721 mara 761,838,257,287.

Kabla ya Mersenne kulikuwa na Muitaliano, Pietro Cataldi. Huyu alithibitisha ya 17 na ya 19 kwa kugawanya tu, moja baada ya nyingine, kwa mkono. Alafu akasema 23, 29, 31 na 37 pia ziko sawa. Kwa hizo nne, moja tu ndiyo ilitoka kweli: 31. Ya 23, kwa mfano, inagawika na 47. Kwa hivyo kwa miaka mingi watu walikuwa wanasema 2,147,483,647 ni tasa vile tu mtu anakuambia mechi iko sure. Hakuna mtu alikuwa na risiti.

Mzee kipofu akaleta risiti

Risiti ilikuja 1772 kutoka kwa Leonhard Euler, Mswisi mwenye alikuwa anafanya kazi St Petersburg, Urusi. Wakati huo alikuwa na miaka 60 na kitu. Jicho la kulia lilikuwa limeharibika kitambo akiwa kijana, na la kushoto pia lilikuwa limekwisha. Yaani alikuwa karibu kipofu kabisa, anapiga hesabu kwa kichwa na kuwasomea wasaidizi waandike. Na bado alikuwa anatoa kazi nyingi kuliko wenye macho mazima.

Shida yake ilikuwa hii. Kuhakikisha nambari ni tasa, lazima ujaribu kuigawanya. Si lazima ujaribu zote mpaka bilioni mbili. Inatosha kufika kipeuo chake cha pili, karibu 46,340. Sababu ni rahisi: kama watu wengi wanaweza kugawana sawa, basi kila mmoja anapata kidogo, na ukigeuza hiyo hesabu kuna kigawo kidogo chini ya hapo. Lakini hata mpaka 46,340 kuna nambari tasa karibu 4,800. Kugawanya nambari ya tarakimu kumi mara 4,800 kwa mkono, bila kukosea hata moja, ni kifungo.

Euler akakataa kufungwa. Badala ya kugawanya, aliuliza kwanza: kama kuna nambari tasa inaweza kugawanya hii, lazima iwe na sura gani? Akaonyesha kwamba ukiichukua hiyo nambari uigawanye kwa 248, lazima ibaki 1 ama 63. Ikibaki kitu kingine chochote, itupe, haina haja ya kujaribiwa. Hiyo 248 haijatoka hewani. Ni 8 mara 31.

Kwa hiyo hatua moja, foleni ikapungua kutoka karibu 4,800 mpaka chini ya 400. Zikajaribiwa. Zote zikakataa. 2,147,483,647 ikawa rasmi nambari tasa kubwa zaidi duniani yenye ilikuwa imethibitishwa. Yenye ilikuwa imeshika rekodi kabla yake, 6,700,417, ilikuwa pia ya Euler. Jamaa alijipiku mwenyewe, na alifanya hivyo akiwa haoni.

Mimi chuo niliacha katikati, na nakumbuka venye hesabu ilikuwa inafunzwa kama adhabu: fanya hizi arobaini, leta kesho. Hii story ya Euler ni kinyume. Hakushinda kwa kufanya kazi nyingi kuliko Cataldi. Alishinda kwa kukaa chini na kuuliza ni kazi gani haifai kufanywa.

Zawadi ya pili: nambari kamilifu

Kibubu kina siri nyingine. Chukua siku yenye jumla ni tasa, alafu uzidishe hiyo jumla na pesa yenye uliweka hiyo siku. Siku ya pili: jumla 3, uliweka 2, unapata 6. Siku ya tatu: 7 mara 4, unapata 28. Siku ya tano: 31 mara 16, unapata 496.

Cheki 6. Nambari zenye zinaigawanya, ukiacha yenyewe, ni 1, 2 na 3. Zijumlishe: 6. Cheki 28: 1, 2, 4, 7 na 14. Zijumlishe: 28. Nambari kama hizo zinaitwa kamilifu, ju sehemu zake zikiungana zinarudisha kitu kizima, hakuna kupungua wala kuzidi. Wagiriki walijua huu ujanja tangu Euclid, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Ukifanya hivyo na siku ya 31, unapata 2,305,843,008,139,952,128. Hiyo ni nambari kamilifu ya nane. Mwaka wa 1811, Mwingereza Peter Barlow aliandika kwa kitabu chake kwamba hiyo ndiyo itakuwa kubwa zaidi kuwahi kupatikana, ju hizi vitu ni za kushangaza tu, hazina kazi, na hakuna mtu atajisumbua kutafuta nyingine.

Barlow alikosea mara mbili. Kwanza, watu walijisumbua. Mwaka wa 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha ile ya 127, yenye ina tarakimu 39. Na Oktoba 2024 ilipatikana ya 136,279,841, na Mmarekani Luke Durant, mwenye alitumia kompyuta zenye chipu za grafiki, zile zile za kuendesha gemu. Hiyo nambari ina tarakimu 41,024,320. Ukisoma tarakimu moja kila sekunde bila kulala, utamaliza baada ya siku 474.

Pili, alisema hazina kazi. Leo ukifungua tovuti ya benki yako, njia moja kubwa ya kulinda hiyo mazungumzo inategemea nambari mbili tasa, kila moja ikiwa na tarakimu zaidi ya 300. Kuzizidisha ni rahisi. Kuzitenganisha ukipewa jibu tu ndiyo hakuna mtu anaweza kwa muda wa maana. Nambari zenye "hazina kazi" ndizo zimekalia pesa yako.

Swichi 31 zote zimewaka

Sasa tuingie kwa kompyuta. Kompyuta haijui tarakimu zetu. Inajua swichi: imewaka ama imezima. Kila swichi inaitwa biti. Swichi ya kwanza ina thamani ya 1, ya pili 2, ya tatu 4, ya nne 8. Umeshaona? Ni kile kibubu chetu, siku kwa siku. Kila nambari ni kuchagua siku gani uliweka pesa na gani uliruka.

Kwa miaka mingi, kipimo cha kawaida cha kuweka nambari nzima kilikuwa swichi 32. Lakini pia kuna hasara na madeni, kwa hivyo lazima nambari hasi ziwe na mahali. Swichi ya mwisho ikapewa hiyo kazi: ikiwaka, inahesabu kama deni la 2,147,483,648. Zinabaki 31 za kuhesabu mbele. Ziwashe zote 31 na uko na kibubu kimejaa: 2,147,483,647. Hapo ndipo mwisho wa barabara.

Sasa ongeza moja. Swichi zote 31 zinazima, na ile ya 32 inawaka. Kompyuta inasoma deni peke yake: -2,147,483,648. Umetoka tajiri mkubwa zaidi mpaka mdaiwa mkubwa zaidi kwa bob moja. Si kosa la kuhesabu. Mahali pa kuhesabia palikwisha.

Kwa gemu ndiyo utaiona wazi. Ukicheza hadithi ya GTA V, pesa ya mchezaji haiwezi kupita dola 2,147,483,647. Kwa RuneScape, rundo moja la sarafu linaishia hapo hapo. Hakuna mtu wa biashara aliamua hiyo ni pesa ya kutosha. Ni swichi tu ziliisha.

Psy alifika ukutani

Gangnam Style ilitoka Julai 2012, na ikawa video ya kwanza kutazamwa mara bilioni moja kwa YouTube. Mwanzo wa Desemba 2014, YouTube wakatangaza kwamba imepita 2,147,483,647. Kaunta yao ilikuwa ya biti 32, ju wakati wanaijenga hakuna mtu alifikiria video moja itatazamwa hivyo.

Watu wengi walieneza kwamba Psy alivunja YouTube. Haikuvunjika. Mainjinia walikuwa wameona mapema na kubadilisha kaunta kabla, na zile nambari za ajabu zenye zilionekana ukipitisha kishale juu yake ulikuwa mzaha wao. Sasa kaunta ni ya biti 64 na ukuta ni 9,223,372,036,854,775,807. Hiyo mpya ni kubwa zaidi, lakini si tasa. Inagawika na 7. Ile ya zamani bado ina heshima yake.

Si wote walikuwa macho hivyo. Usiku wa kuingia 2022, barua pepe kwa kampuni nyingi zilikwama zikitumia seva za Microsoft Exchange. Sehemu ya kukagua virusi ilikuwa inaandika tarehe na saa kama nambari moja: mwaka, mwezi, siku, saa, dakika. Tarehe 31 Desemba 2021 dakika ya mwisho inaandikwa 2,112,312,359. Hiyo inaingia. Dakika moja baada ya kuingia mwaka mpya inaandikwa 2,201,010,001. Hiyo imepita ukuta. Watu walikuwa wanapiga fataki na barua zao zimekwama kwa foleni.

Na kuna ndege. Mwaka wa 2015, mamlaka ya anga ya Marekani ilitoa amri kuhusu Boeing 787: kama mfumo wa umeme umewashwa siku 248 mfululizo bila kuzimwa, vidhibiti vya jenereta vinaweza kuzima vyote kwa pamoja, hata ndege ikiwa hewani, sababu ya kaunta ya programu kujaa. Fanya hesabu mwenyewe: ukihesabu kwa sehemu za mia za sekunde, 2,147,483,647 inafika kwa siku 248 na nusu. Dawa ya haraka ilikuwa ile ile unafanya na router ya keja: zima, alafu washa.

Hapa kwetu, anza na 254

Kama unaandika programu, ama una msee anakutengenezea mfumo wa biashara, hii sehemu ni yako.

Nambari ya simu ya Kenya ikiandikwa 07 inaonekana inaingia kwa biti 32, ju kompyuta inakula ile sifuri ya mbele na kubaki na milioni mia saba na kitu. Lakini malipo ya simu hutaka 254 mbele. Sasa hiyo ni zaidi ya bilioni 254, mara mia na zaidi ya ukuta. Ukiweka kwenye databesi ya MySQL kwa safu ya aina ya INT, na haijawekewa masharti makali, haitakataa. Itakata kimya kimya na kuandika nambari kubwa zaidi yenye inaweza. Mteja wa kwanza: 2147483647. Wa pili: 2147483647. Wa mia tano: 2147483647. Wateja wako wote wamekuwa mtu mmoja, na laini zao halisi zimepotea, haziwezi kurudishwa kutoka hapo. Nambari ya simu si ya kujumlisha wala kutoa. Iweke kama maandishi.

Pesa pia. Mifumo mingi huweka pesa kwa senti ili isipoteze pointi. Kwa biti 32, akaunti inajaa ikifika Sh21,474,836.47. Hiyo ni shamba moja nzuri Kiambu. Sacco ya wastani inapita hapo asubuhi. Jackpot ya milioni mia mbili, ukiiweka kwa senti, ni bilioni 20, mara tisa ya ukuta.

Jumanne, 19 Januari 2038

Kubwa zaidi inakuja. Kompyuta nyingi huhesabu wakati kwa sekunde tangu 1 Januari 1970, saa za Greenwich. Mahali zenye hiyo hesabu bado iko kwa biti 32, sekunde ya 2,147,483,647 itafika Jumanne 19 Januari 2038. Kwa saa za Nairobi itakuwa saa kumi na mbili, dakika 14 na sekunde 7 asubuhi. Wasee wako stage, mat zinaita, sufuria ya mandazi iko kwa moto.

Sekunde yenye inafuata, mashine yenye haijarekebishwa itaamini ni tarehe 13 Desemba 1901. Huo ndio mwezi reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu. Mashine itakuambia cheti cha tovuti bado hakijatengenezwa, kamera ya duka itaandika rekodi za karne iliyopita, na mfumo wa mikopo utaona deni lako linaiva miaka 130 iliyopita ama ijayo, inategemea anasoma nani.

Na si lazima tungoje 2038. Mfumo wowote wenye unahesabu mbele unagonga huo ukuta leo. Msee wa miaka 25 akiajiriwa sai, tarehe yake ya kustaafu iko mbali kupita 2038. Mkopo wa nyumba wa miaka 20 pia. Ukiandika hiyo tarehe kwa biti 32 inarudi 1901, na hakuna king'ora kinalia. Kosa linakaa tu kwa databesi likingoja.

Dawa iko na si siri: hesabu ya biti 64, yenye inatosha miaka bilioni 292. Simu mpya nyingi ziko sawa. Linux, yenye iko chini ya Android na seva nyingi, iliweka marekebisho kwa mashine za biti 32 tangu toleo la 5.6 mwaka wa 2020. Shida ni vitu vyenye hakuna mtu huvisasisha: mashine ya risiti dukani, kamera ya lango, mita, kisanduku cha ukutani kilichonunuliwa mtumba kikiwa tayari na miaka kumi. Kwetu vitu havitupwi, vinatengenezwa. Hiyo ni sifa nzuri, lakini ina maana kifaa cha 2012 kinaweza kuwa bado kinafanya kazi 2038, kikiwa na kibubu chake cha swichi 31.

Kwa mwili wako pia kuna kipimo. 2,147,483,647 ni sekunde za miaka 68 na siku kama 18. Mtu akifikisha huo umri, ameishi nambari ya Euler nzima, sekunde kwa sekunde, na yake haigeuki kuwa hasi.

Kama uko na beshte wa programu, mtumie hii alafu umuulize maswali mawili tu: namba za simu za wateja umeziweka kwa safu ya aina gani, na tarehe zako zinafika mwaka gani? Akisita, mwambie afungue laptop sai.